Gemu ya Hawa na Nguruwe wa Dimani

Nawasikia mnavyosema, wajukuu zangu. Eti Bi Mwanaidi kazeeka, haoni tena tundu la skrubu, kaacha ufundi kabakia kuuza ubuyu mbele ya kibanda chake kilekile cha pale stendi ya Kibiti. Ni kweli tupu. Ubuyu hauna saketi, na mteja wa ubuyu harudi kesho yake kuniapia kwamba jana ulikuwa unawaka.

Ila kwa kuwa mmerithi meza yangu, na kutoka hapa nilipokaa nawaona kila mnachofanya, nina haki ya kusema. Simu ikija haiwaki, mnaigeuza mara moja, mnatikisa kichwa kama daktari aliyetoka wodini, mnasema, "Madabodi imekufa." Hamjaifungua. Hamjaipima na mita. Mteja anaondoka na msiba wake. Na ile iliyotumbukia majini mnaifukia kwenye mchele! Rufiji hii, mtu analima mpunga maji yakiwa magotini, anafukuza ndege, anavuna, anatwanga, anapepeta, halafu nyie mnaulaza mchele na simu. Simu iliyoloa inafunguliwa, inasuguliwa kwa spiriti na mswaki laini, inakaushwa. Mchele unapikwa.

Mimi nilifundishwa Utete, na fundi wa redio aliyeitwa Mzee Ngwele. Enzi hizo pasi ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya tuliipasha kwenye jiko la mkaa, na ukichelewa kuigusisha inapoa, unaanza upya. Mzee Ngwele alikuwa hafungui redio mpaka aisikilize. Anaiweka sikioni, anafumba macho, mteja kasimama, mie nimesimama. Redio inakoroma. Mzee anasema, "Spika nzima. Kapasita ya kwenye umeme imevimba." Tunafungua, imevimba. Siku nyingine anasema, "Humu mna mjusi." Tunafungua, mjusi huyo hapo, na mayai yake. Mara moja alisikiliza muda mrefu sana, tukaogopa ugonjwa ni mkubwa, kumbe kalala. Lakini kanuni yake ilikuwa hiyo moja: sikiliza kwanza, bisibisi baadaye. Ishikeni, maana nitairudia.

Sasa niwaambieni kazi yangu kubwa ya mwisho, ile ambayo Chande mwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira, bado anaisimulia vibaya.

Alikuja binti mmoja kutoka Dimani, Hawa, mtoto wa Mzee Seifu. Kanisalimu vizuri, kakaa kwenye benchi, kafungua kanga iliyofungwa fundo, katoa gemu ya mkononi. Zile zenye vioo viwili, zinazofunguka na kujifunga kama kitabu. Binamu yake wa Dar alimwachia alipohama kwenye michezo na kuhamia kwenye ndoa.

Nikamwuliza, "Imekufa?"

"Haijafa, Bibi. Nataka picha yake itoke nje."

"Itoke nje iende wapi?"

"Kwenye runinga. Baba aione."

Nikaweka bisibisi chini, maana niliona hii si habari ya betri.

Hawa, tangu amalize shule, ndiye aliyekuwa akilinda mpunga wa baba yake. Anashinda na kulala juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa kwenye nguzo katikati ya shamba, anafukuza ndege mchana na nguruwe pori gizani. Na ndani ya ile gemu mlikuwa na nini? Shamba. Gemu yenyewe ni ya kulima. Unapanda, unamwagilia, unavuna, unaweka ghalani. Nikamwambia, "Yaani ukichoka kulima, unapumzika kwa kulima?" Akanijibu, "La kwenye gemu halina magugu, Bibi." Nikamwelewa mara moja.

Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee Seifu ana shamba bondeni, udongo mweusi unaobaki na maji hata jua likiwaka, na alikuwa ameanza kusema kwamba sasa atalikabidhi kwa mtoto mmoja. Hawa alilitaka shamba hilo kama mtu anavyotaka maji. Mzee akatangaza kwamba atampa Jumanne, kaka yake Hawa, kijana anayeishi hapa Kibiti na ambaye kilimo chake kinafahamika zaidi kwa maneno. Jumanne ana mpango wa matikiti, ana mpango wa ufuta, ana mpango wa kufuga samaki. Jembe hana.

"Na wewe je, uliyelinda misimu yote hii?" nikamwuliza.

"Baba anasema mimi nachezacheza."

"Mbona nguruwe hawajawahi kuingia?"

"Anasema ni kago."

Kago mnalijua. Mganga anazindika shamba, anafukia vitu vyake kwenye pembe, na mnyama akifika mpakani, wanasema, haoni shamba, anaona maji. Mganga wa Mzee Seifu alikuwa Bwana Kitwana, mtu mpole, mwenye sauti nzuri. Kwa hiyo mpangilio ulikuwa hivi: shukrani zinakwenda kwa kago, shamba linakwenda kwa Jumanne, na Hawa anabakiwa na "unachezacheza". Yeye akaona kwamba baba yake, ambaye macho yamepungua, hajawahi kuona kilichomo kwenye kile kioo kidogo. Angeona kikubwa, angeona jinsi binti yake anavyopanga majira, anavyogawa maji, anavyotunza mbegu. Angejua kichwa cha mwanawe kinafanya kazi. Nami nimelea binti, nilijua anachosema, nikaona huruma. Nikasema niachie.

Sasa sikilizeni kazi, acheni simu kidogo.

Waliotengeneza gemu ile hawakuiwekea njia ya kutoa picha. Waliamua mtu mmoja anatosha kuitazama. Hao hawajawahi kukaa Kibiti, ambako hata mtu akifungua kopo la dawa ya meno lazima watu watatu wachungulie. Ipo kadi ndogo ya kunasa picha, nyembamba, inaingia pembeni ya betri. Nilimwagiza kijana wa Kariakoo, naye akaagiza nje, ikachelewa mpaka nikasahau ninasubiri nini. Kadi hiyo unaiunganisha na madabodi pale picha inapopita kuelekea kwenye kioo. Picha haipiti nzima. Inapita imevunjwavunjwa: nyaya za wekundu, nyaya za kijani, nyaya za buluu, na nyingine za kuhesabu mistari ili picha isilale. Kila mmoja unaudokoa kwa waya mwembamba kama unywele, kadi inakusanya nakala, inaipeleka kwenye kompyuta, kompyuta inaipeleka kwenye runinga.

Piga picha kila hatua kabla hujagusa kitu, maana akili yako ya asubuhi si ile ya baada ya chakula. Pasha ile sehemu unayochomelea, usipashe risasi; risasi itafuata yenyewe palipo na joto. Paka flaksi, ile dawa inayofanya risasi ishike, usiwe bahili. Na ukimaliza, ule waya ubane kwa gundi, usiuache ukining'inia, maana barabara zetu mnazijua. Gundi yangu ilikuwa imeisha. Nikasema kesho. Mnaona mnavyocheka? Nyie gundi yenu imeisha tangu mwaka juzi.

Wakati gemu iko mezani kwangu, tumbo wazi, Hawa akarudi. Uso umemshuka.

"Bibi, nguruwe wameingia."

Walikuwa wamepita pembe ya kusini, wamefukua, wamelala juu ya mpunga. Mzee Seifu alimfokea kwamba kalala, akaapa kuwa sasa imekwisha, bonde ni la Jumanne. Kisha akaenda kwa Bwana Kitwana. Bwana Kitwana akatazama, akavuta pumzi, akasema kago limechoshwa na husuda ya majirani, linahitaji kuongezwa nguvu, na nguvu hiyo inapatikana kwenye kuku mweusi.

Hapo niliweka pasi chini nikafikiri. Mimi nikitengeneza redio ikazima tena, mteja anairudisha na matusi. Mganga kazi yake ikiharibika, mteja anampelekea kuku. Nyie ambao bado mnachagua fani, hilo mlifikirie.

Hawa akaendelea, taratibu, anaitazama ile gemu iliyopasuliwa. "Nimelinda vilevile, Bibi. Debe nimepiga, moto nimewasha. Kilichopungua ni kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Muziki wake. Huwa nachomeka spika ndogo kwenye hili tundu la hedifoni, naiacha inaimba mpaka kunakucha. Betri ya sola inatosha."

Nilimsikia, lakini nilikuwa katikati ya waya wa kijani, nikamwambia asitikise meza.

Siku ya kuonyesha ikafika. Chande alikubali kutupa kibanda umiza chake baada ya swala ya alasiri, kabla ya mechi. Kwa kuwa Chande hawezi kufanya jambo dogo, alikuwa ameandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: LEO KILIMO, BAADAYE MPIRA. Mzee Seifu akaja na wakulima wenzake, kofia safi, wakakaa benchi la mbele. Jumanne akakaa nyuma, miguu juu ya benchi. Mimi nilitoka nyumbani na bodaboda, gemu nimeikumbatia.

Nikaunganisha gemu na kompyuta, kompyuta na runinga. Runinga ikatulia, ikawaka, na shamba la Hawa likatokea, kubwa, ukuta mzima. Watu wakaguna kwa furaha. Kisha wakaguna kwa namna nyingine. Mahindi yalikuwa ya zambarau. Mboga zilikuwa za kahawia nyekundu. Hata miti ya mbali ilionekana inaumwa.

Hakuna aliyesema runinga ina kasoro. Wale walikuwa wakulima.

"Udongo umechoka huo," akasema wa kwanza. "Mahindi yakiwa na rangi hiyo, mbolea hayajapata."

"Si mbolea, ni viwavi jeshi. Tazama kwenye majani ya juu."

"Viwavi gani bila matundu? Maji hayo yamesimama. Amefungulia maji mengi."

Wakabishana hivyo, wamesimama, mmoja anaonyesha ugonjwa kwa fimbo juu ya runinga ya Chande, Chande anamwomba asiikwaruze. Mzee Seifu akamgeukia binti yake kwa masikitiko ya kweli. "Hawa, mwanangu. Umeliachaje shamba mpaka likafika hapa?"

Hawa alikuwa karibu kulia. Nami nilijua ugonjwa wenyewe: waya wa kijani umeng'oka njiani, kwenye yale mashimo ya barabara, kwa sababu ya ile gundi. Nikafungua gemu palepale mbele ya kadamnasi, nikaomba umeme wa Chande kwa ajili ya pasi, nikaurudisha waya, nikaubana kwa utepe. Mahindi yakageuka kijani yote kwa pamoja. Baraza likapiga kelele. Mzee mmoja akaniuliza dawa hiyo inaitwaje.

Kuanzia hapo mambo yakaenda vizuri mno. Hawa akapanda, akavuna, akawaonyesha ghala. Wakauliza mvua inakuja lini. Akasema unatazama kwenye kalenda, siku fulani itanyesha. Ikanyesha. Wakauliza mafuriko yanafika wapi. Akasema hakuna mafuriko. Wakatazamana. Yule wa fimbo akauliza kwa heshima ni nchi gani hiyo, na kama wanagawa mashamba bado.

Mzee Seifu alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Niliona. Kisha akauliza, "Na nguruwe?"

"Huko hakuna nguruwe, baba."

Kibanda kizima kikapasuka. Hakuna nguruwe! Basi si shamba hilo, ni picha ya ukutani! Jumanne alicheka mpaka akashusha miguu. Mzee Seifu akasimama, akajikung'uta kanzu. "Mtu anayelima pasipo nguruwe, nimpe bonde langu?" akasema, akaanza kuelekea mlangoni, na bonde la Hawa likawa linatoka naye.

"Nguruwe wa kwetu je, baba?" Hawa alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Misimu yote hii walikuwa wapi?"

"Walizuiwa na kago."

"Walipoingia, kago halikuwapo?"

Mzee akasimama. Kago lilikuwapo, na kila mtu pale alijua lilikuwapo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyelitangaza.

"Kitu ambacho hakikuwapo ni hiki," Hawa akasema.

Hapo lazima niwaambie jambo ambalo labda mmekwishaliona. Onyesho lote hilo lilikuwa bubu. Ile kadi niliyoihangaikia inabeba picha tu, sauti haibebi. Hawa akachukua waya wa spika kubwa za Chande, zile za mpira, akauchomeka kwenye tundu la hedifoni. Muziki ukatoka. Ule wa mchezo, wa vikengele, unaokwenda na kurudi, unaokwenda na kurudi, hauchoki. Mbuzi wa Chande aliyefungwa nje akakata kamba akakimbilia barabarani. Kuku walitawanyika. Jirani wa upande wa pili akaja kuuliza kuna nini.

Mzee Seifu alibaki amesimama mlangoni, kichwa upande. Alikuwa anausikia wimbo huo kila alfajiri akienda msikitini, kutoka upande wa bondeni, na siku zote alidhani ni redio ya mtu.

Mzee yule ni mbishi, lakini si mwongo. Akarudi katikati ya kibanda, akasema mbele ya wote, "Haya. Rudi nalo hilo dude lako bondeni. Nguruwe wakipita kabla ya mavuno, shamba la Jumanne. Wasipopita, ni lako. Mmesikia."

"Baba, mimi nilikuwa na mpango wa…" Jumanne alianza.

"Wako tutautazama siku ukiwa na picha."

Nguruwe hawakupita. Mpunga ulivunwa, na Mzee Seifu akawaita wanaume walewale, akatembea mpaka wa shamba kwa miguu yake, akamkabidhi binti yake. Akamwambia, "Lako. Lakini usichezecheze." Hawa alinisimulia haya akiwa analia na kucheka, kaniletea kikapu cha mchele mpya. Nililia na mimi, sioni haya kuwaambia. Na mchele niliupika.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe Bwana Kitwana alikuwa hajafika. Alikuja kibandani kwangu mchana kweupe, akakaa, akaulizia afya yangu, afya ya wajukuu, afya ya kila mtu. Mwisho akasema anaomba nakala ya ule wimbo, kwenye memori kadi, na si moja.

Nikamwambia ngoja nimwulize mwenye shamba. Hawa akacheka, akasema, "Mpe, Bibi. Huenda na wengine wakavuna."

Nikamnakilia. Nilikuwa na rekodi nzuri sana ya Hawa akivuna, rangi zote zimetulia, kijani kama asubuhi ya masika. Nikamwonyesha Bwana Kitwana kwa fahari. "Na picha nikuwekee?"

Akanitazama kwa upole. "Picha ya nini, Bi Fundi? Nguruwe anatazama?"

Niliumia, wajukuu zangu. Zile nyaya zote nilizozichomelea, macho yangu ya mwisho niliyoyamalizia pale, kumbe kilichotakiwa kilikuwa kinatoka kwenye tundu la hedifoni tangu kiwandani. Hapo ndipo nilipomsikia Mzee Ngwele akinicheka kutoka makaburini Utete. Sikiliza kwanza, bisibisi baadaye. Wiki hiyo nikaanza kuuza ubuyu.

Msimu uliofuata nilikwenda Dimani kumtembelea Hawa. Yuko juu ya dungu lake, kwenye shamba lake, muziki unaimba. Shamba linalopakana nalo ni la baba yake, lile dogo alilobakiza mwenyewe, na mzee alikuwapo anapalilia. Katikati ya shamba lake amesimika mti, na juu ya mti amefunga kifuko cha kaniki nyeusi.

"Kago jipya," akaniambia kwa siri kubwa. "Kitwana kalichanganya upya. Lina nguvu kuliko la zamani."

Nilikigusa kile kifuko. Ndani mlikuwa na kitu kidogo, chembamba, bapa. Nilikijua kwa vidole, maana nilikinakili mimi.

"Mzee Seifu," nikamwambia, "memori kadi haiimbi peke yake. Inataka simu, inataka spika."

Akanigonga begani kama mtu anavyomgonga mtoto. "Wee dada yangu unajua mambo ya umeme. Haya ni mambo mengine. Tangu nilitundike hili, hajakanyaga hata nguruwe mmoja hapa."

Nikageuka kumtazama Hawa kule juu. Alikuwa amesikia kila neno. Nikadhani atacheka, au atamjibu, na haki alikuwa nayo. Alingoja baba yake ainame kwenye palizi yake, akaigeuza spika ikaelekea shamba la mzee, kisha akaongeza sauti.